Daktari William Campbell na Dawa ya Upofu wa Mitoni

Zamani katika nchi za Afrika ya Magharibi lilikuwa jambo la kawaida kumwona mtoto akienda njiani ameshika ncha ya fimbo, na nyuma yake mzee ameshika ncha ya pili. Mzee huyo ni kipofu, na macho yake ni yule mtoto. Mtoto wa namna hiyo hakuweza kwenda shuleni, maana kazi yake ilikuwa kumwongoza baba yake au babu yake shambani, kisimani na sokoni. Tena mara nyingi, alipokuwa mtu mzima, yeye naye alipofuka, akatafutiwa mtoto wa kumshikia fimbo.

Watu wa vijiji vile waliona kwamba upofu huu umefuatana na mito. Kadiri mtu alivyokaa karibu na maji yaendayo kwa kasi, ndivyo hatari ilivyozidi. Basi wakaihama ardhi ya bondeni, ardhi nyeusi yenye rutuba, wakaenda kulima juu milimani penye mawe. Waliokaa walipoteza macho. Waliohama walipoteza chakula.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu sababu ya ugonjwa huu, na habari za mtu mmoja aliyeutumia umri wake katika kuchunguza minyoo, hata kazi yake ikaleta dawa inayozuia upofu huo. Jina lake ni Daktari William Campbell. Yeye si mganga wa watu. Alianza kazi yake kwa kuchunguza minyoo ya kondoo na ya wanyama wengine, na msomaji ataona jinsi jambo hilo lilivyokuwa la faida.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu waitwa onkosekiasisi, na wengine huuita upofu wa mitoni. Wenzetu wa Tanzania huuita usubi, kwa jina la mdudu anayeuleta. Usubi ni inzi mdogo mweusi, mwenye mgongo wa nundu, ambaye huuma mchana. Hatagi mayai yake katika maji yaliyotulia kama mbu afanyavyo. Hupenda maji ya mto yanayokwenda mbio na kupiga mawe, maana mabuu yake yahitaji maji ya namna hiyo ili yapate hewa na chakula.

Usubi anapomwuma mtu mgonjwa hunywa pamoja na damu vijinyoo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijinyoo hivyo hukua ndani ya mwili wa inzi kwa siku kadha wa kadha, na inzi yule akimwuma mtu mwingine, humwachia vijinyoo katika ngozi. Humo hukua hata kuwa minyoo mikubwa. Mnyoo wa kike huweza kufika urefu wa sentimita 50, naye ni mwembamba kama uzi. Minyoo hujikunja pamoja chini ya ngozi na kufanya vinundu vigumu, ambavyo mtu huweza kuvigusa kwa kidole kiunoni, mbavuni au kichwani.

Minyoo hiyo mikubwa yenyewe haina madhara makubwa. Madhara yatoka kwa watoto wake. Mnyoo mmoja wa kike huweza kuishi miaka 10 hata 15, na katika muda huo huzaa mamilioni ya vijinyoo, ambavyo hutembea katika ngozi ya mwili mzima. Vinapokufa humo ndipo mwili hupata taabu. Mgonjwa hujikuna usiku na mchana hata hapati usingizi. Ngozi yake hukunjamana kama ya mzee sana, au hupata mabaka meupe miguuni mfano wa ngozi ya chui. Na vile vinavyoingia machoni huleta makovu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka nuru ya macho huzimika. Macho yaliyokwisha kufa kwa ugonjwa huu hayarudi tena. Neno hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu laeleza kwa nini dawa ilitafutwa kwa bidii: ni lazima mtu apewe dawa kabla hajapofuka.

KAZI ILIYOFANYWA NYANZA

Ugonjwa huu ulikuwako Kenya pia, katika mabonde ya Nyanza. Mwaka 1946 wataalamu wawili, Bwana P. C. C. Garnham na Bwana J. P. McMahon, walitia dawa ya DDT katika vijito vya bonde la Kodera, Nyanza ya Kusini, ili kuyaua mabuu ya usubi. Inzi wakatoweka katika bonde lile. Jambo la ajabu ni kwamba wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua mabuu ya usubi wa Nyanza hukaa wapi. Walikuwa wametafuta juu ya mawe na juu ya majani ya mtoni, wasiyaone. Mwaka 1950 ndipo ilipojulikana kwamba hushikamana na miili ya kaa wa mtoni! Baadaye kazi ile iliendelezwa katika mabonde mengine, hata usubi ukaondolewa Nyanza.

Lakini njia iliyofaa katika vijito vidogo vya Nyanza haikuwa rahisi katika mito mikubwa. Katika Afrika ya Magharibi usubi ni wa aina nyingine, naye huweza kuruka mbali sana akichukuliwa na upepo. Mwaka 1974 nchi saba za huko zilianza kwa pamoja, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine, kunyunyiza dawa mitoni kwa helikopta. Baadaye nchi hizo zikawa 11. Kazi ilifaulu sana. Walakini mnyoo huishi zaidi ya miaka kumi ndani ya mtu, na kwa hiyo mito ilipaswa kunyunyizwa kwa miaka mingi pasipo kuacha. Dawa za kumpa mgonjwa zilikuwa mbili tu, na zote mbili zilikuwa za hatari: moja iliweza kudhuru mafigo, na ya pili iliua vijinyoo kwa ghafula hata pengine ikayaumiza macho yale yale yaliyotakiwa kuokolewa. Haikuwezekana kuwagawia watu wa kijiji kizima dawa kama hizo.

KIJANA WA DONEGAL

William Campbell alizaliwa mwaka 1930 huko Ayalandi, akalelewa katika mji mdogo wa Ramelton, jimbo la Donegal. Baba yake alikuwa mfanyi biashara aliyewauzia wakulima vitu vya mashambani. Alipokuwa kijana alikwenda kutazama maonyesho ya kilimo, na huko akasoma habari za mnyoo unaokaa katika ini la kondoo, na dawa ya kumtibu. Wasomaji wetu wanaofuga wanamjua sana mnyoo huyo. Jambo lile lilikaa moyoni mwake.

Alipoingia chuo kikuu cha Trinity mjini Dublin alifundishwa na Profesa Desmond Smyth, mtaalamu wa minyoo, ambaye ndiye aliyemwonyesha kwamba maisha ya minyoo ni elimu kamili inayostahili kuchunguzwa. Campbell alihitimu mwaka 1952, akavuka bahari kwenda Marekani katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akachunguza minyoo ya ini, na mwaka 1957 akapata shahada ya udaktari wa elimu. Mwaka ule ule aliajiriwa na kampuni ya madawa ya Merck katika jimbo la New Jersey. Alikaa katika kazi hiyo miaka 33, hata mwaka 1990.

Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa za minyoo. Mtu asidhani kwamba kazi ya namna hii ni ya kupata sifa kila siku. Mtaalamu huwapa panya minyoo, kisha huwapa kitu cha kujaribiwa, kisha huwachunguza aone kama minyoo ingaliko. Mara nyingi huwa ingaliko. Kesho hujaribu kitu kingine. Maelfu ya vitu hujaribiwa na kutupwa kabla ya kimoja kuonekana kuwa na faida.

UDONGO WA JAPANI

Huko Japani alikuwako mtaalamu mwingine, Profesa Satoshi Omura wa Taasisi ya Kitasato, mjini Tokyo. Yeye alitafuta dawa katika udongo. Katika udongo mnaishi vijidudu vingi mno visivyoonekana, na baadhi yao hutoa dawa za kujikinga na adui zao. Ndivyo ilivyopatikana, kwa mfano, dawa ya streptomisini ya kutibu kifua kikuu. Profesa Omura na wasaidizi wake walichukua udongo kidogo kidogo kutoka mahali pengi, wakavipanda vijidudu vyake katika chombo, wakachagua vile vilivyoonekana kuwa vya namna ya peke yake. Mwaka 1973 Taasisi ya Kitasato na kampuni ya Merck walipatana kufanya kazi pamoja, na Profesa akapeleka Marekani vijidudu alivyovichagua.

Kimojawapo kilitoka katika udongo uliochukuliwa karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, kando ya bahari. Mwaka 1975, katika maabara ya Merck, maji yaliyooteshwa kijidudu hicho yalichanganywa na chakula cha panya mwenye minyoo. Panya alipochunguzwa, minyoo haikuwamo.

Campbell na wenzake walijua kwamba huo ni mwanzo tu. Wengine walikitoa kile kitu chenye nguvu katika yale maji, wakakiita avamektini. Wengine walikibadili kidogo ili kiwe bora na salama zaidi, na ndiyo dawa inayoitwa ivamektini. Campbell na kundi lake waliijaribu kwa kila namna ya minyoo na ya wanyama. Dawa hii hulegeza neva na misuli ya minyoo, hata isiweze kujisogeza wala kula, bali haimdhuru mnyama anayetibiwa kwa kipimo kinachofaa. Tena kipimo chake ni kidogo kupita dawa zote za minyoo zilizotangulia. Ilianza kuuzwa mwaka 1981 kwa ajili ya ng'ombe, kondoo, farasi na nguruwe, na kwa muda mfupi ikawa dawa ya mifugo iliyonunuliwa kupita nyingine duniani.

KUTOKA KWA FARASI HATA KWA MTU

Hapa ndipo panapoonekana faida ya elimu ya Campbell. Katika majaribio ya farasi ilionekana kwamba dawa hii iliua vijinyoo vilivyo katika ngozi. Vijinyoo hivyo vya farasi ni ndugu wa karibu wa vile vinavyopofusha watu. Mtu asiyeijua jamaa yote ya minyoo angaliandika habari hiyo katika kitabu, akaendelea na kazi ya farasi. Campbell aliona maana yake. Dawa ikapelekwa Australia ijaribiwe kwa ng'ombe, ambao nao wana minyoo ya jamaa hiyo hiyo. Na mwaka 1978 akawaandikia wakubwa wake katika kampuni kwamba yafaa dawa hii ijaribiwe kwa wanadamu wenye upofu wa mitoni.

Shauri hilo halikuwa jepesi. Wenye ugonjwa ule walikuwa maskini wa vijijini, wasioweza kununua dawa ya bei yo yote. Kampuni ingetumia fedha nyingi pasipo tumaini la kuzirudisha. Tena kama dawa ingaliwadhuru watu, jina lake lingaliharibika hata kwa wenye mifugo. Mkuu wa uchunguzi wa kampuni wakati ule, Daktari Roy Vagelos, alikubali kazi iendelee.

Mwaka 1981 Daktari Mohammed Aziz, mganga wa kampuni aliyekuwa amefanya kazi Afrika hapo kabla, alianza kuwajaribia wagonjwa huko Dakar, Senegali. Walianza kwa kipimo kidogo sana, kwa watu ambao macho yao yalikuwa hayajaguswa na ugonjwa, wakaongeza polepole. Ili kujua kama dawa yafaa, walikata kipande kidogo sana cha ngozi, wakakitia katika maji na kuhesabu vijinyoo vilivyotoka. Baada ya dozi moja tu, vijinyoo vilikuwa karibu vimekwisha, na macho hayakupata dhara.

Baadhi ya wataalamu waliona shaka, maana dawa haikuwaua minyoo wakubwa. Maneno yao yalikuwa kweli, na ni kweli hata leo. Lakini majaribio mengine yalionyesha kwamba mnyoo wa kike, baada ya dawa hii, hukaa miezi mingi bila kutoa vijinyoo vipya. Kwa hiyo mtu akinywa dawa mara moja au mbili kila mwaka, macho yake yatahifadhika, na usubi akimwuma hatapata vijinyoo vya kumpelekea jirani. Mwisho minyoo wakubwa hufa kwa uzee wao, pasipo kuacha uzao.

DAWA INAYOTOLEWA BURE

Mwaka 1987 Serikali ya Ufaransa iliikubali dawa hii itumiwe kwa watu, kwa jina la Mectizan. Ndipo likaja swali la fedha. Kampuni ilitafuta mtu wa kulipa gharama, isimpate. Basi mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Daktari Vagelos, ambaye sasa alikuwa mkuu wa kampuni yote, alitangaza kwamba dawa itatolewa bure kwa watu wote wanaoihitaji, kwa kadiri ya mahitaji yao, na kwa muda wote watakaoihitaji. Ahadi hiyo haikuwekewa mwisho. Toka mwaka 1998 iliongezwa ili isaidie pia kuondoa matende, ugonjwa unaojulikana sana na watu wa pwani yetu, katika nchi zenye magonjwa yote mawili.

Lakini dawa ikiwa bandarini haijamfaa mtu aliye kijijini, mwendo wa siku mbili kutoka hospitali. Shida hiyo iliondolewa na wanakijiji wenyewe. Kila kijiji huchagua mtu wake, mwaminifu, ambaye hufundishwa kazi kwa muda mfupi, kisha huenda nyumba kwa nyumba akiandika majina na kugawa vidonge. Hahitaji mizani. Huchukua fimbo iliyotiwa alama. Mtu husimama kando yake, na urefu wake huonyesha kama atakunywa kidonge kimoja, au viwili, au vitatu, au vinne. Watoto ambao hawajafikia alama ya chini hawapewi, wala wanawake wenye mimba, wala wenye ugonjwa mkali. Kwa njia hii vijana wa vijijini, wake kwa waume, wamewahudumia mamilioni ya watu katika Tanzania, Uganda, Kongo na nchi nyingine nyingi.

FAIDA ILIYOPATIKANA, NA KAZI ILIYOSALIA

Kazi ya helikopta katika Afrika ya Magharibi ilimalizika mwaka 2002. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu 600,000 waliepushwa na upofu, watoto milioni 18 walizaliwa katika sehemu zisizo na hatari tena, na hekta milioni 25 za ardhi nzuri, iliyokuwa imeachwa, zikaweza kulimwa. Katika Amerika, Shirika hilo lilithibitisha kwamba ugonjwa umekwisha Kolombia mwaka 2013, Ekwado mwaka 2014, Meksiko mwaka 2015 na Guatemala mwaka 2016. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Niger ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kupewa uthibitisho huo.

Mwaka 2015 Daktari Campbell na Profesa Omura walipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu, pamoja na Profesa Tu Youyou wa China aliyegundua dawa ya malaria. Campbell alisema mara nyingi kwamba sifa hiyo ni ya kundi zima la watu waliofanya kazi pamoja. Baada ya kustaafu alifundisha vijana katika chuo kikuu, na kwa kujifurahisha huchora picha za rangi za minyoo ile ile aliyoichunguza. Baadhi ya picha hizo zimeuzwa ili fedha zake ziwasaidie wanafunzi wa elimu hiyo.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba ugonjwa umekwisha duniani. Bado mamilioni ya watu wa Afrika wahitaji dawa hii. Katika sehemu za Kongo na za Kameruni wako watu wenye mnyoo mwingine, aitwaye loa loa, na mtu mwenye wingi wa vijinyoo vya loa loa huweza kupata madhara makubwa akinywa ivamektini. Kwa hiyo kazi huko ni lazima ifanywe kwa uangalifu. Vita pia huwazuia wagawaji wasifike vijijini.

Tena iko hatari moja inayotokana na wema wa dawa yenyewe. Mtu akiinywa, mwasho hupungua, usingizi humrudia, naye husema moyoni, "Nimepona; mwaka ujao sina haja ya kunywa tena." Kumbe minyoo wakubwa wangali hai katika vile vinundu, wakingoja nguvu ya dawa iishe. Mtu huyo akikataa, hajidhuru peke yake, kwa maana usubi atachukua vijinyoo kwake na kuvipeleka kwa mtoto wa jirani, na taabu ya kijiji kizima kwa miaka mingi itakuwa ya bure. Wazee wetu walisema, bandu bandu humaliza gogo. Atakayekaa katika sehemu yenye ugonjwa huu, akaitwa na mgawaji wa dawa, na asimame kando ya ile fimbo kila mwaka, hata akijiona mzima kabisa. Miaka hiyo ni mingi, lakini ina mwisho wake. Na mtoto aliyetakiwa kumwongoza mzee kwa fimbo atapata nafasi ya kwenda shuleni.